Maswali ya Wasomaji: Eagles na konabeki wawili wa 2024

Mhariri, salaam. Hapa Philadelphia bado tunabishana kuhusu drafti ya 2024 ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Raundi ya kwanza timu yetu, Eagles, walimchukua Quinyon Mitchell, raundi ya pili Cooper DeJean, wote konabeki, yaani mabeki wa kukaba wapokeaji wa pasi. Shemeji yangu anadai ubingwa waliotwaa msimu huo umewafichia makosa, kwamba chaguo la pili lilitakiwa liende kwingine. Amueni nyinyi.
*Msomaji, Philadelphia*

Shemeji anahesabu majina, hahesabu kazi. Mitchell na DeJean hawafanyi kazi moja.

Timu pinzani ikiingiza wapokeaji watatu, ulinzi hutoa mtu mmoja wa kati na kuingiza beki wa tano. Huyo husimama ndani, kati ya konabeki wa pembeni na msitu wa wachezaji wa katikati. Siku hizi NFL inacheza hivyo zaidi ya nusu ya mchezo, kwa hiyo "beki wa tano" ni mchezaji wa kikosi cha kwanza, asiitwe wa akiba. Konabeki wa pembeni kama Mitchell anasaidiwa na mstari wa uwanja: mpokeaji ana upande mmoja tu wa kukatia. Wa ndani hana mstari. Mpokeaji anaweza kukata kushoto au kulia, na mpira ukikimbizwa kwa miguu, beki huyohuyo lazima ashuke akamwangushe mtu mzito kuliko yeye. Konabeki mzuri wa pembeni anaweza kushindwa kabisa kazi hiyo.

Tazama pia hali waliyokuwa nayo. Msimu wa 2023 Eagles walianza kwa ushindi 10 na kipigo kimoja, kisha wakapoteza mechi sita kati ya saba zilizofuata, ya mwisho ikiwa ya mtoano dhidi ya Tampa Bay. Mabeki wa nyuma walikuwa wanapitwa hadharani. Darius Slay alikuwa na miaka 33 na James Bradberry 30. Kwa nafasi inayotegemea mbio, huo ni umri wa kuandaa warithi wawili kwa mpigo.

Bei nayo hupotoshwa vijiweni. Watu husema waliuza machaguo mawili kupata moja. Ukweli ni kwamba waliipa Washington la 50, la 53 na la 161, wakapokea la 40, la 78 na la 152. Matatu kwa matatu. Gharama halisi ni kushuka kutoka 53 hadi 78, basi. Na DeJean alikuwa bado yupo namba 40 kwa sababu alivunjika mguu mazoezini akiwa Iowa, Novemba 2023, na baadhi ya timu hazikuwa na hakika kama ni konabeki au beki wa mwisho. Mashaka ya namna hiyo ndiyo hushusha bei ya mchezaji mzuri.

Alipopewa nafasi ya ndani baada ya wiki ya mapumziko, hakuitoa tena. Ile pasi ya Patrick Mahomes, kwotabeki (mrusha pasi) wa Kansas City, aliyoinasa kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 9, 2025 na kukimbia nayo yadi 38 hadi tachidauni, siku aliyotimiza miaka 22, ni tamu, lakini tusiitumie kama ushahidi. Tukio moja halithibitishi chaguo. Miezi minne ya kukaba ndani bila kuwa mlango wazi inathibitisha.

Mitchell alimaliza msimu wa kawaida wa 2024 bila kunasa hata pasi moja. Sifa zote hizi za nini?
*Msomaji, Mwanza*

Kwotabeki hatupi mpira mahali palipofungwa. Ukimbana mpokeaji wako vizuri, pasi inaenda kwa mwingine, nawe unabaki na sufuri yako. Kinyume chake ni Trevon Diggs: mwaka 2021, akiwa Dallas, alinasa pasi 11, akaongoza ligi, huku msimu huohuo akipitwa kwa yadi nyingi kwa sababu alikuwa anabahatisha kuruka mbele ya mpokeaji. Wote wawili wana thamani, ila namba ya pasi zilizonaswa haikuambii nani ni nani.

Ukitazama mechi, acha kufuata mpira kwa michezo michache. Mwangalie konabeki tu, na uone mpira unapotoka mkononi mwa kwotabeki kuna nafasi gani kati yake na mpokeaji. Kama mkono unafika, kazi imefanyika, hata pasi iende upande wa pili.

Kwa nini konabeki aliyetamba chuoni akifika NFL anarushiwa kitambaa cha njano cha faulo kila mara?
*Msomaji, Nairobi*

Sheria zinabadilika chini ya miguu yake. Chuoni anaruhusiwa kumgusa na kumsukuma mpokeaji hadi mpira urushwe. NFL ruhusa hiyo inaisha yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia. Akizidisha, timu yake inarudishwa yadi 5 na wapinzani wanapata jaribio jipya la kwanza, yaani wanaanza upya hesabu ya majaribio yao, hata kama walikuwa na yadi 15 za kutafuta. Akimzuia mpokeaji pasi ikiwa hewani, chuoni adhabu haizidi yadi 15. NFL mpira unawekwa pale faulo ilipotokea. Yadi 40 zinaweza kwenda kwa kosa moja.

Kosa lenyewe huanzia kichwani, kihalisi. Kijana aliyeachwa hatua moja anageuka kutafuta mpira, anapunguza mwendo, anaachwa hatua mbili, kisha anashika jezi. Makocha hufundisha hivi: ukiwa nyonga kwa nyonga na mpokeaji, geuka uutafute mpira. Ukiwa nyuma, usigeuke. Kimbia, tazama mikono yake, ikipanda nawe ingiza mkono wako katikati. Mbio za yadi 40 kwa sekunde 4.33, kama alizokimbia Mitchell, zinakupa nafasi ya kurekebisha kosa. Hazikufundishi ugeuke lini.

Drafti naitazama saa ngapi nikiwa Dar?
*Msomaji, Temeke*

Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa 2 usiku za New York, yaani saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa kwetu. Raundi ya pili na ya tatu ni saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, na zilizobaki huanza saa 1 jioni ya Jumamosi. Kama unafuatilia mabeki tu, lala kidogo: mwaka 2024 machaguo 14 ya kwanza yote yalikuwa washambuliaji, na konabeki wa kwanza, Mitchell, alisubiri hadi namba 22.