Tarehe kuruka siku moja: angalia saa za eneo

Mdogo wangu, umesema huduma yako ya kugeuza namba za muda kuwa tarehe, kwa ofisi ya vifurushi pale stendi ya Nane Nane, Mbeya, inaonyesha mizigo ya usiku kama imepokelewa jana yake. Hesabu yako ni sahihi. Namba hizo ni sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Chukua 1700000000: kwa UTC ni 14 Novemba 2023, 22:13:20. Mbeya tayari ni tarehe 15, 01:13:20. Hifadhi namba ghafi, kisha utaje saa za eneo letu, kwa jina Africa/Dar_es_Salaam, wakati wa kuonyesha. Usitegemee saa ya seva.

Namba ikiwa na tarakimu 13, hizo ni milisekunde; gawanya kwa 1000.

Ila linaloniuma zaidi ni saa zetu za Kiswahili. Mfumo wangu uliwahi kumwandikia mama mmoja wa Tukuyu "mzigo unafika 7:00". Akaja saa saba mchana, vifaranga vyake vimeshinda kwenye boksi tangu saa moja asubuhi. Tafadhali, andika "saa 1:00 asubuhi".