Mshumaa haupimi mazuku

SWALI: Tunakaa Bukavu, Muhumba. Likizo ya Julai tunataka kubadilishana nyumba na familia moja ya Keshero, Goma, kwa wiki mbili. Wametutumia picha na alama ya ramani. Mke wangu anaogopa mazuku, ile gesi ya kaboni dayoksidi inayotoka ardhini, lakini mwenye nyumba anasema fundi alipita na mshumaa kila chumba na haukuzimika. Inatosha? Baba wa watoto watatu.

JIBU: Haitoshi, Papa, na Mama hajakosea.

Hawa mafundi wa mshumaa wamezidi. Hewa ikifika asilimia 10 ya kaboni dayoksidi, mtu anazirai kwa dakika chache huku mshumaa ukiendelea kuwaka. Asilimia 4 tayari inahatarisha maisha. Kwa hiyo mshumaa usiozimika haujakwambia lolote. Tena fundi hupita mchana, milango wazi, mshumaa kaushika usawa wa kifua! Gesi hii ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu: inatambaa sakafuni, inajaa mabondeni usiku upepo ukitulia, na alfajiri ndiyo saa yake mbaya. Jua likipanda, inatawanyika. Harufu haina.

Alama ya ramani waitume upya wakiwa wamesimama getini. Pale Keshero, kosa la mita 30 linaweza kukutoa juu ya mwamba likakuweka shimoni. Kisha waombe video moja isiyokatwa, kutoka barabarani hadi chumba cha watoto. Hesabu ngazi zinazoshuka. Parsele (kiwanja) iliyo chini ya barabara, gereji iliyochimbwa, ufa wa mawe ya lava nyuma ya choo, hayo ndiyo ya kuuliza. Majirani waulizwe kama asubuhi hukuta mijusi, ndege au kuku wamekufa mahali palepale. Alama ile ya ramani ipelekeni OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, walinganishe na sehemu za mazuku zinazojulikana.

Kifaa cha kupima kiwe cha kaboni dayoksidi, kiwekwe sakafuni saa kumi na moja alfajiri. Vile vya bei ndogo vinavyolia kwa moshi wa makaa hupima kaboni monoksidi, gesi nyingine kabisa. Mazuku itawapita kimya.

Na wengine, hata wanaonunua parsele, huambiwa shimo la mazuku limeshafukiwa kwa mawe na saruji. Saruji haizimi chanzo. Gesi hutafuta ufa mwingine, wakati mwingine chini ya msingi wa nyumba. Ukisikia hivyo, uliza shimo lilikuwa upande gani, na chumba kilicho karibu nalo analala nani.