Kaimati za Idi na kafara isiyokuwepo

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Kirumba, Mwanza. Siku ya Idi nilikula pilau kwa mama mkwe, kisha kaimati na visheti katika nyumba tatu. Usiku nikasikia sauti inayosambazwa kwenye simu: mhadhiri anasema mwenye kushiba vitamu siku ya Idi ameibomoa Ramadhani yake, na kafara yake ni kufunga kesho yake. Nikajitapisha, na Idi Pili nikafunga. Je, nimefanya sawa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Binti yangu, Ramadhani yako haijabomoka wala hudaiwi kafara. Hilo la kujitapisha limeniumiza, nitalirudia.

Mhadhiri huyo amesoma mwanzo wa hadithi ya Miqdam bin Maadikarib katika Tirmidhi, kwamba mwanadamu hajajaza chombo kiovu kuliko tumbo, akaishia hapo. Hadithi inaendelea: zinamtosha tonge chache za kumsimamisha mgongo, na ikiwa hapana budi, theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Inapima tumbo. Haitaji utamu, haitaji Idi, haitaji kafara. Na kafara haitungwi na mtu mimbarini. Ni hukumu, na hukumu hutaka dalili. Tangu lini shibe ya leo ikabatilisha funga iliyokwisha jana?

Aitazame Idi yenyewe. Anas amesimulia katika Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwa akitoka asubuhi ya Idil-Fitri mpaka ale tende, kwa idadi ya witri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Bi Aisha amesema Mtume alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Kufunga siku hiyo ya Idi ni haramu kwa ijmai, yaani makubaliano ya wanazuoni. Zakatul-fitri, pishi moja, kama kilo mbili na nusu za mchele, tunaitoa kabla ya sala ili maskini naye ale. Sharia impelekee chakula alfajiri, kisha imwandikie dhambi akishiba adhuhuri? Huko ni kuharamisha riziki njema, na aya ya 32 ya Suratul-Aaraf imelikemea jambo hilo waziwazi.

Idi Pili inafungika, maana katazo la Idil-Fitri ni la tarehe 1 Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, peke yake, ingawa serikali hutupa mapumziko siku mbili. Ulipokosea ni nia. Ukitaka funga sita za Shawwal, zinuie sunna, usizinuie adhabu. Na kama unadaiwa siku za Ramadhani ulizokula kwa hedhi, salama zaidi uanze nazo.

Kilichokatazwa ni israfu, yaani kupita kiasi, nayo huanzia kwenye sahani. Kaimati hudanganya kwa sababu ni ndogo na imenyonya shira: ukila huku unaongea, sita zimekwisha kabla tumbo halijatoa habari, kwani shibe huchelewa kama dakika 20. Basi pakua mwenyewe, mbili au tatu, na kahawa chungu badala ya soda. Kaa chini, bismillahi, ishike kwa vidole vitatu. Tafuna taratibu mpaka uisikie iliki, umeze ndipo ushike nyingine. Ukimaliza lamba vidole, kwani Mtume amesema hamjui baraka iko katika chakula chenu kipi. Nyumba ya pili onja moja. Mwenyeji akikazana, mwombee dua na umwambie akufungie za watoto. Mwenye kisukari afuate kipimo alichopewa kliniki, na asione haya kukataa.

Sasa kujitapisha. Hakuondoi dhambi, kwa kuwa dhambi haikuwepo, na kuudhuru mwili ni haramu. Asidi ya tumbo hula meno na kuchoma koo, na mwili hupoteza maji na chumvi ambazo moyo unazihitaji. Ikiwa ilikuwa mara moja, imepita. Ikiwa hamu hiyo inakurudia kila ukila, mwambie mumeo au mama yako, uende hospitali umweleze daktari wazi. Hayo ni maradhi kama maradhi mengine, si upungufu wa imani, na usiyafiche kwa aibu.

Sauti ile ifute, na aliyekutumia mpelekee jibu hili kabla hajaituma kwa mwingine.

Wallahu aalam.