Wadogo zangu mnaoandika andiko la kuomba ufadhili wa utafiti wa uhandisi wa neva (uhandisi unaohusu ubongo na mishipa ya fahamu)

Kabla ya kuhangaika na kichwa cha utafiti, someni kipengele cha sifa za mwombaji. Kila mwaka nawaona wanafunzi hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wakiikodolea macho NRT, programu ya kufunza watafiti ya NSF (shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi), iliyorithi programu ya awali ya IGERT mwaka 2014. Ni nzuri, lakini fedha hupewa chuo cha kule, na posho yake ni ya raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Tangazo lake lisomeni hata hivyo, mjue wafadhili wanataka nini wanaposema fani mbalimbali. Maombi yenyewe pelekeni kwingine: DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo), IBRO (shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo), na kwingineko Mtanzania anakopokelewa.

Wafadhili wanachotaka ni mhandisi na daktari wafanye kazi pamoja kweli, si jina la daktari lililobandikwa siku ya kusaini fomu. Wakaguzi wa maandiko wanalinusa hilo haraka sana. Dodoma mna bahati: tiba na kompyuta ziko chuo kimoja, Hospitali ya Benjamin Mkapa ni jirani, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, imekuwepo tangu 1927. Ombeni ruhusa mkae na wanaopima umeme wa ubongo.

Mhandisi atajua kuwa mawimbi ya umeme huo wa ubongo, yakifika kichwani juu, ni makumi tu ya maikrovolti, na kwamba umeme wa ukutani wa hezi 50 utayaingilia, hivyo ataandika programu ya kuuchuja. Sawa. Sasa anaingia dada kasuka twende kilioni. Mahali ambapo elektrodi, kidude cha kunasa umeme huo, inatakiwa kukaa pana msuko, jeli haifiki kwenye ngozi. Mwambie afumue uone! Kamlipa msusi, kakaa chini saa nzima na zaidi. Ama mweke kwenye bajeti hela ya kusukwa upya, ama mpange naye mapema mistari ipite wapi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wamebuni hata elektrodi za kubana katikati ya misuko. Aya moja ya namna hiyo inamshawishi msomaji kuliko kurasa za akili mnemba.

Kwenye bajeti msisahau nauli ya mgonjwa wa kutoka Kongwa pamoja na ndugu anayemsindikiza, wala ushuru wa forodha wa kifaa. Kibali cha maadili anzeni kukifuatilia mapema, kina foleni yake.

Na wasimamizi wenu wawili wakubaliane kwa maandishi, fedha zikiwa bado hazijaingia, nani anatunza data na jina la nani linatangulia kwenye makala.