Queen II kwanza

Yakhe, umesema A Night at the Opera ya 1975 ndiyo albamu bora ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na nyengine zote makombo. Mie nakataa. Isikilize Queen II ya 1974, hasa upande wa pili wa sahani, ule waliouita mweusi: nyimbo zote sita katunga Freddie Mercury, mwimbaji wao na mzaliwa wetu wa Unguja, na zinapokezana hata pumzi hupati. Upande mweupe ni wa Brian May, mpiga gitaa wao, ila wimbo mmoja wa Roger Taylor, mpiga ngoma, na huo huwa nauruka. (Wanaojipiga picha kwa ajili ya Freddie pale Shangani, Mji Mkongwe, sidhani kama albamu hii wanaijua.) Radiohead uliowataja, bendi nyengine ya Uingereza, sawa, albamu yao OK Computer ya 1997 naikubali, lakini si kwa mchana wa kaskazi.