Ukistaafu tafuta mahali ambapo usipoenda watauliza

Nimestaafu Septemba 2022 baada ya miaka 34 ya unesi. Kwenye semina ya wastaafu watarajiwa tulifundishwa kufuga kuku, tukaambiwa tusikimbilie kununua daladala, wababa wakaonywa na mambo ya mke mdogo (tulicheka sana hapo), ila kuhusu upweke hakuna aliyegusia hata kidogo.

Kuagwa niliagwa vizuri, keki, kitenge, chupa ya chai. Siku ya tatu nafungua WhatsApp nakuta nimetolewa kwenye grupu la wodi. Admini wala hakuwa na ubaya, grupu ni la kupanga zamu na mimi zamu sina tena, lakini aisee nilikaa na ile simu mkononi kama nusu saa hivi. Simu iliyokuwa haipumui sasa ikawa inaleta meseji za bando tu na ndugu wanaouliza mafao yametoka. Na wanadhani ni mamilioni ya kumwaga, kumbe kikokotoo kipya, yaani hesabu ya kugawa mafao, kilianza Julai mwaka huohuo, mkupuo wa kupewa mara moja ulikuwa asilimia 33, inayobaki unapokea kidogokidogo kila mwezi (2024 ndo wakapandisha ikafika 40). Kwa hiyo anayekukumbuka mwezi wa mafao usimhesabu kwanza, muangalie baada ya miezi sita kama bado anapiga.

Kosa langu la kwanza nilikimbilia kihambani, kwenye shamba la ukoo kule mlimani. Si unajua sisi Wachaga, ukistaafu unapanda juu. Nikapanda Kibosho mwezi wa 6, mtu niliyezoea jua la Pasua, huku Moshi mjini, na Kibosho ukungu unaingia mpaka jikoni na migomba inadondosha maji kutwa. Niliosoma nao wengine wameshatangulia, wengine wako Dar tunawaona Desemba, waliobaki wana mambo yao, wana jumuiya yao, wanajuana nani anamkatia nani majani ya ng'ombe, mimi nikawa kama mgeni tu anayejua majina ya watu. Wiki 5 nikashuka. Sisemi kijijini kubaya, ila usihamishe vitanda kabla hujaenda kukaa kidogo uone ni nani atakayekubishia hodi bila kumwita.

Kosa la pili nilikaa kusubiri wenzangu wa kazini waje. Tulipendana kweli, lakini kilichokuwa kinatukutanisha ni zamu, ukiitoa zamu unakuta huyu anakaa Majengo, yule Rau, mwingine Himo, na kila mtu kachoka. Wamebaki wawili mpaka leo, na wote ni mimi nilianza kuwapigia. We piga tu, usianze kuhesabu nani alipiga mara ya mwisho.

Sasa kilichonitoa. Jirani yangu, mama wa geti la bluu, tumekaa ukuta kwa ukuta miaka 19 tukipeana salamu na basi, maana mimi naondoka usiku narudi asubuhi nalala. Siku moja gesi ikaniishia katikati ya maharage. Nikabeba sufuria langu na aibu yangu nikagonga. Na ujue mimi ni mtu wa kuombwa, sista nisaidie, sista niangalizie mtoto huyu, kuomba sikuwahi. Akalibandika kwenye mkaa, akanivutia kigoda. Yale maharage yalikuwa ya zamani, yakachukua saa mbili nzima kuiva na saa mbili zote tukapiga stori, ndo kujua anauza mitumba Kiboriloni, mwanae kamaliza chuo yupo tu nyumbani, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa anajua mimi najisikia. Kujisikia jamani! Mimi nilikuwa na usingizi.

Kwa hiyo kama unaniuliza, nitakwambia omba kitu. Chumvi, koleo, lifti mpaka mjini, chochote. Ukiwa mtu wa kugawa tu watu wanakuheshimu alafu wanakaa mbali.

Mama wa geti la bluu ndo akanipeleka kwenye kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake 22, kila Alhamisi saa 10 jioni. Niliingia nikijua nafuata hela. Hisa moja 2,000, unanunua 1 mpaka 5, kuna mfuko wa jamii pembeni, kuchelewa faini 500, na simu ikilia kikaoni faini vilevile. Hela inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli 3, funguo zinashikwa na watu 3 tofauti, na anayelala na sanduku hashiki ufunguo hata mmoja. Mwaka wa pili wakanichagua kushika ufunguo. Nikajifanya sitaki sitaki. Nimeufunga kwenye ile kamba niliyokuwa navalia kitambulisho cha kazi, unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, na kila nikiuona najua kuna watu 21 hawawezi kufanya kitu Alhamisi bila mimi.

Mengine yote nayo ni mazuri, kwaya, jumuiya, mazoezi. Tuko wanne tunatembea saa 12 asubuhi kabla mlima haujajifunika, na tunajipiga kifua kwamba tutaingia zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon, tutaona. Wajukuu ni raha ila angalia usigeuzwe dada wa kazi, ukishakubali Jumatatu mpaka Ijumaa umekwisha, hutoki tena hapo ndani. Na usikae na wa umri wako tu maana sisi stori zetu ni presha, sukari na nani kazikwa wapi. Kwenye kikoba kuna binti wa miaka 27 anauza vitumbua, huyo ndo alinifundisha kutengeneza video za simu na mimi namfundisha kumbembeleza mtoto anayekataa kunyonya. Saivi akigombana na mumewe anakuja kwangu kulala kwenye kochi.

Juzi Alhamisi mchana nilijilaza kidogo. Nashtuka saa 10 na nusu, simu niliiweka saileti, misdi koli 11. Kumi na moja! Nikavuta kamba yangu msumarini nikatoka na ndala, nahema njia nzima. Nafika wote wamekaa kwenye mabenchi, sanduku liko katikati, hakuna anayeongea. Mweka hazina, mtoto ambaye ningeweza kumzaa kabisa, akasimama akaninyooshea kikopo.

"Shikamoo bibi. Mia tano."