Mnaoanza semi Marekani, msidharau logi ya karatasi

Vijana mnaotoka shule ya CDL, leseni ya magari makubwa ya kibiashara, saizi mna bahati, unapanda gari unakuta tableti kwenye dashibodi inahesabu masaa yenyewe, gari likitembea inajua, likisimama inajua, kazi yako kubonyeza tu. Ndo maana nikimwambia mtu ajifunze kujaza logi, ile kumbukumbu ya masaa ya dereva, kwa mkono ananiangalia kama nimemwambia akanunue ngamia. Hiyo tableti, kifaa cha kurekodi masaa kinachoitwa ELD, imelazimishwa tangu Desemba 2017, magari yenye vifaa vya zamani yakaongezewa muda mpaka Desemba 2019, kwahiyo aliyeanza juzi hajawahi kabisa kushika karatasi. Mi nimeshika, na imeshaniaibisha, ntafika huko.

Kwanza karatasi haijafa. ELD ikigoma njiani unatakiwa umtaarifu mwajiri kwa maandishi ndani ya masaa 24, na unaanza kuchora kwa mkono mpaka itengenezwe, kampuni ina siku 8 za kuitengeneza. Tena kama kifaa kimekataa kutoa kumbukumbu za nyuma unaandika upya siku ya leo na 7 zilizopita, sasa hapo ndo utajua kama kichwa chako kinakumbuka Jumanne uliweka wese wapi. Kwa hiyo lazima kwenye kebini kuwe na karatasi tupu za kutosha siku 8, hata kama kifaa chako kipya kinang'aa, na askari ana haki ya kuziulizia. Halafu kuna magari yenye injini za kabla ya mwaka 2000, hayo hayadaiwi ELD kabisa, na wapo jamaa wenye magari yao wanayang'ang'ania kwa sababu hiyo hiyo. Na nyie mtakaoanzia kazi za karibu, unazunguka ndani ya maili 150 za kupimwa angani, yaani mstari ulionyooka, na unarudi kituoni kabla masaa 14 hayajaisha, hapo kampuni inaandika tu umeingia na kutoka saa ngapi. Siku dispatcha, yule anayekupangia safari, akikutupa mbali zaidi ya hapo ndo siku hiyo unajaza logi, na kama siku za namna hiyo hazizidi 8 ndani ya 30 karatasi inaruhusiwa.

Karatasi yenyewe ni jedwali la masaa 24 lenye mistari minne. Wa kwanza uko huru, wa pili umelala kitanda cha nyuma ya kiti, wa tatu unaendesha, wa nne uko kazini ila huendeshi. Unavuta mstari kwenda kulia, ukibadilisha hali unashuka au unapanda, na kila ulipobadilisha unaandika chini mji na jimbo. Ukisimama porini andika namba ya barabara, nguzo ya maili na mji wa karibu. Juu kuna tarehe, maili za siku, namba ya gari na tela, jina la kampuni na ofisi yake kuu, namba ya hati ya mzigo, na mwisho unasaini. Jumla ya mistari yote minne lazima itoke 24. Ikitoka 23 na nusu askari anaiona kabla hajamaliza kufungua ukurasa.

Sasa kuna kitu kinatuumiza sisi waswahili peke yetu, wazungu hawawezi kukielewa. Saa. Jedwali linaanzia usiku wa manane, halafu linakuja 1, 2, 3 mpaka adhuhuri. Jamaa yangu mmoja siku ya kwanza kaanza kazi saa moja asubuhi, kichwani mwake ni saa MOJA, kaweka kalamu kwenye 1 na kuvuta. Karatasi ikasoma mtu kaamka saa saba usiku, na ilipofika jioni masaa yake yalikuwa yamefika mbinguni. Tulicheka mpaka basi ila yeye hakucheka. Dawa yake, usitafsiri kichwani, bandika saa ndogo ya mshale kwenye dashibodi na usome mshale unavyoonyesha.

Na hiyo saa iwe ya wapi? Hapa ndo na mimi nilipodakwa. Logi inajazwa kwa saa za kituo chako cha kazi, ya mahali ulipo haihusiki hata kidogo. Kampuni yetu ilikuwa Ohio. Asubuhi moja Columbus ELD ikagoma, nikatoa karatasi, nikajisikia mtaalamu. Nimeanza ukaguzi wa gari saa kumi na moja alfajiri, nikaenda kupakia, ghala wakanichelewesha weee, nikatoka saa mbili na nusu. Nikavuka Indiana, nikaingia Illinois, na hapo simu ikajirudisha nyuma saa moja yenyewe, si unajua kanda za saa za huku, mi sina habari. Nikajaza mafuta Walcott, Iowa, pale kwenye kituo kikubwa cha malori cha I-80, risiti inasema saa kumi na dakika tano jioni na mimi logi nimeandika hivo hivo kwa simu. Nikaendelea mpaka karibu na Des Moines, nikalala saa moja kasoro dakika kumi, nikahesabu niko ndani ya masaa 14 tangu nianze kazi, yakiisha hayo huruhusiwi kuendesha, na dakika kumi nimebakiza.

Kesho yake Nebraska nikaitwa ndani mizani. Askari mama mtu mzima, mpole kabisa, akachukua logi, akachukua risiti ya mafuta, akazilinganisha, akatabasamu. Mi nikajua nimepita maana zimefanana mpaka dakika. Kumbe kufanana ndo kulikoniumbua! Kituo Ohio, risiti Iowa, logi ilitakiwa isome saa kumi na moja na dakika tano. Akanionyesha pole pole kwamba kwa saa za Ohio nililala saa mbili kasoro dakika kumi, kwahiyo niliendesha dakika 50 nje ya masaa yangu 14. Nikaandikiwa makosa mawili kwenye ripoti ya ukaguzi, kupitiliza muda na logi isiyo sahihi. Sikuwa nimedanganya mtu, ila karatasi haijui tofauti ya muongo na mjinga.

Tangu siku hiyo natembea na saa ya mkononi ya bei chee ambayo haina intaneti, nimeiweka saa za Ohio na siigusi.

Masaa yenyewe mmeshafundishwa ila narudia kwa haraka maana kwenye karatasi hakuna kinachokupigia kengele. Baada ya kupumzika 10 mfululizo una 11 za kuendesha, zote ndani ya dirisha la masaa 14 tangu uanze kazi. Ukifikisha 8 za kuendesha lazima uwe umekaa nusu saa bila kuendesha, na tangu Septemba 2020 hata nusu saa ya kujaza mafuta inahesabika. Kwa kampuni inayofanya kazi wiki nzima kikomo ni masaa 70 ya kazi ndani ya siku 8, ukipumzika 34 mfululizo unaanza upya. Wengi mnapokosea ni kwenye lile dirisha, mtu anakaa ghalani masaa manne, anaandika yuko huru akidhani 14 imesimama. Haisimami ndugu yangu. Inayosaidia ni kugawa mapumziko, 7 za kitandani na 3, au 8 na 2, ila hiyo kwenye karatasi ni hesabu ya kuumiza kichwa, mgeni achana nayo mpaka mtu akae na wewe mezani akuchoree.

Andika pale pale unapobadilisha. Sheria inataka logi iwe imefika mpaka mahali ulipobadilisha hali mara ya mwisho, kwahiyo ukikamatwa mchana na karatasi inaishia alfajiri huna cha kujitetea, na ukikutwa huna logi kabisa unazuiwa kuendesha masaa 10. Mi naandika kabla ya kufungua mlango. Ukikosea chora mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni na herufi za jina lako, usiguse ile rangi nyeupe ya kufutia, ukiipaka tu umeonekana unaficha.

Madereva wazee wa Kimarekani waliita logi kitabu cha katuni, maana hadithi ilikuwa inatungwa. Wengine walikuwa na vitabu viwili, kimoja cha askari na kimoja cha ukweli. Watakuja kukufundisha hizo, na dispatcha atakupigia saa tatu usiku na sauti tamu, kaka hebu rekebisha logi kidogo mzigo ufike. Mwambie akutumie kwa meseji. Utashangaa ghafla mzigo unaweza kusubiri. Tangu 2016 FMCSA, idara ya serikali inayosimamia usalama wa malori, wana sheria inayokataza kampuni au mwenye mzigo kumlazimisha dereva avunje masaa, na hiyo meseji ndo ushahidi wako, ila aliyesaini karatasi ni wewe na leseni ni yako. Risiti za mafuta, za daraja, hati ya mzigo, vyote vinabeba saa, na kampuni inavitunza pamoja na logi miezi 6.

Nakala yako ya siku 7 zilizopita ikae kebini, karatasi halisi ifike ofisini ndani ya siku 13. Mi napiga picha pia, sababu ofisi nyingine zinapoteza karatasi halafu wanakuuliza wewe. Kile kitabu cha karatasi zenye nakala kinauzwa kwenye kila kituo cha malori, nunua viwili, kimoja weka chini ya godoro. Na rula. Huwezi kuvuta mstari wa masaa 11 kwa kona ya leseni, nimejaribu.